Kwa nini majabali ya Mwanza ni ya mviringo?

Swali: Habari zenu, ndugu. Majabali ya itale (mwamba mgumu uitwao pia graniti) yaliyo kando ya Ziwa Victoria, likiwemo lile la Bismarck, yanaonekana kama yamepangwa kwa mkono. Je, ni jua pekee linaloyavunja?

Jibu la 1: Ndugu, jua si sababu kuu. Itale ilitokana na mwamba ulioyeyuka ulioganda ardhini, ikiwa imebanwa na uzito wa miamba ya juu. Tabaka hizo zilipoondolewa, ilitanuka na kupasuka.

Jibu la 2: Nakubaliana nawe, ila katika nchi ya joto na mvua naona kemia ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Maji ya mvua, yakiwa na kaboni dioksidi, huwa asidi hafifu inayopenya kwenye nyufa hizo na kugeuza felspa, mojawapo ya madini ya itale, kuwa udongo wa mfinyanzi, huku kwatzi, madini mengine yake yasiyooza kwa urahisi, ikibaki kama mchanga. Pembe za jiwe hushambuliwa kutoka pande kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo huliwa mapema na jiwe hubaki la mviringo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika chini ya udongo, kabla jiwe halijafichuliwa.

Muulizaji: Asante sana, mwalimu. Basi changarawe iliyo chini ya majabali ni kwatzi?

Jibu la 2: Ndiyo, pamoja na vipande vya felspa ambavyo bado havijaoza.