Mtoto wa miaka 8 na taarifa ya habari, nizime TV ama nikae naye?

baba_shiro_naks
Wadau naombeni ushauri. Msichana wangu ana miaka 8, ile Jumanne 25 Juni 2024 tulikuwa tunaangalia maandamano live, watu wakaingia Bunge, moshi, risasi, akaniuliza "baba, watafika hapa?" nikachukua rimoti nikazima. Tangu siku hiyo hataki kulala peke yake.

Shida ni kwamba 2007 nilikuwa na umri wake, tunakaa Nakuru. Tulikuwa tumezunguka kaTV ketu ka Great Wall, wazazi wanajumlisha kura kwa kikaratasi, halafu tarehe 30 Desemba jioni Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akasoma matokeo ya urais kwa KBC na kabla chai ipoe Kibaki anaapishwa Ikulu, giza linaingia, matangazo ya live yakapigwa marufuku. Baba akazima TV, hakusema neno. Siku mbili baadaye ikawa lile kanisa la Kiambaa lililochomwa watu wakiwa ndani, nikaona mama amejiziba mdomo na leso, nikafukuzwa nikalale. Vita vikafika Nakuru mwisho wa Januari na bado hakuna mtu alikuwa ameniambia ni nini. Mpaka leo picha zimefifia lakini kile kimya nakisikia.

mama_mapacha
Pole sana baba Shiro. Za live zima kabisa, lakini ukizima ongea. Mwambie iko Nairobi, nyinyi mko wapi, na mlango umefungwa. Mtoto anataka kujua hiyo tu.

nyakisumu
Mwonyeshe na mwisho wake pia. Sisi mama alituita wote 28 Februari 2008, Kibaki na Raila wanatia sahihi mkataba wa kugawana madaraka nje ya Harambee House, wapatanishi Annan na Kikwete wamesimama nyuma, usiku huo ndio nililala vizuri mara ya kwanza tangu Krismasi

shosh_wa_wanne
Mwanangu, usimhukumu babako. Mimi nilikuwa na wajukuu wanne kwa nyumba na jirani wa kabila lingine nimemficha jikoni. Ningewaeleza watoto wangetoka nje waseme, na hapo nje ndio walikuwa wanauliza nani ako wapi. Tulinyamaza kwa sababu mdomo wa mtoto ungeua mtu. Wewe huna mtu jikoni, kwa hivyo ongea na huyo msichana. Na babako kama yuko, muulize.

baba_shiro_naks
Asante shosh, hiyo sikuwahi kuifikiria. Nimempigia leo. Amenyamaza kwanza, halafu akasema nije Jumamosi na nimlete mtoto.