Tupeane uzoefu: kuandika riwaya za mapenzi ukiwa na familia, nyumbani na safarini

Kalamu ya Alfajiri (mwanzisha mada)

Ndugu waandishi, wiki iliyopita nilimaliza rasimu ya riwaya yangu ya tatu, na badala ya kufurahi nimebaki na swali ambalo sikujiuliza nilipomaliza zile mbili za kwanza: riwaya hizi za mapenzi ninaziandika kwa muda wa nani? Nina mume, nina watoto wawili, nina kazi ya kuajiriwa, na kila ukurasa nilioandika umetoka katika saa ambayo mmoja wao angeweza kuidai. Naomba tuelezane bila kufichana jinsi siku zetu zinavyokwenda, jinsi safari za familia zinavyoingia katika maandishi yetu, na hatua ambazo kila mmoja wetu anazikumbuka anapotazama alikotoka.

Naanza mimi. Ninaamka saa kumi alfajiri na kuandika hadi saa kumi na mbili kasorobo, watoto wanapoanza kuitana. Lengo langu ni maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki. Ni machache, lakini nilipopiga hesabu niliona kwamba maneno 2,500 kwa wiki yanafika 80,000 katika wiki 32, na huo ni urefu wa riwaya kamili. Zile fupi zinazotolewa kwa mifululizo nyingi huwa karibu na maneno 50,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniondoa katika kungoja likizo ndefu ambayo haikuja.

Hata hivyo, sijawahi kumaliza kwa wiki 32. Riwaya ya kwanza ilinichukua miaka mitatu, kwa sababu mtoto wa pili alizaliwa nikiwa katika sura ya sita, na nilipoirudia baada ya miezi kumi na minne nilishangaa kuona wapenzi wangu wawili walivyokuwa na muda mwingi wa kukaa na kutazamana. Niliifuta nusu yake. Mwanamke niliyemwandika upya alikuwa na mtu wa kumlea, na mapenzi yake yalilazimika kupenya katika nafasi finyu za siku, nami naamini hapo ndipo nilipoanza kuandika kweli.

Kuna habari moja iliyonitia moyo wakati huo. Nora Roberts, mwandishi Mmarekani wa riwaya za mapenzi, alianza kuandika Februari 1979, akiwa amezuiwa nyumbani na theluji pamoja na wanawe wawili wadogo, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1981. Watu hupenda kuisimulia theluji. Mimi huifikiria zaidi miaka miwili iliyofuata, theluji ilipokuwa imekwisha kuyeyuka na watoto wangali wadogo.

Baba Watatu

Dada, asante kwa kulifungua jambo hili. Mimi ni mwanamume ninayeandika riwaya za mapenzi kwa lakabu, na nimetoa nne hadi sasa. Siku yangu ya kawaida haina mengi ya kusimulia: ninaandika baada ya saa nne usiku, nikichoka ninalala. Nitasimulia safari moja.

Mwaka juzi tulisafiri kwa treni ya usiku, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, safari ya saa tisa. Nilikuwa na mswada uliokwama, na nilijiahidi kwamba ndani ya treni nitaukwamua. Saa tatu za kwanza nilikuwa nimeinamia daftari. Mwanangu wa kati aliniita nitazame daraja refu tulilokuwa tukivuka wakati jua linazama juu ya mto. Nikamjibu kwamba nimeliona, bila kuinua macho. Baadaye mke wangu aliniuliza kwa upole mto ule ulikuwa upande gani, nami sikuweza kumjibu. Hakuongeza neno. Nilifunga daftari nikaliweka begini.

Watoto walipolala niliketi tu nikitazama. Mbele yetu walikuwapo mume na mke wazee. Bibi alikuwa amesinzia, na kichwa chake kiligonga dirisha kila treni ilipotikisika. Mzee alivua koti, akalikunja, akaliweka kati ya kichwa na kioo. Na kwa kuwa koti lilikuwa likiteleza, alilishikilia kwa mkono hadi alfajiri, akibadilisha mkono kila ulipomchosha. Hawakusemezana usiku kucha. Bibi alipoamka alilichukua koti, akalikung'uta na kumvisha, akamfunga vifungo kimoja baada ya kingine kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Mswada wangu ulikuwa na kurasa arobaini za watu wanaoambiana kwamba wanapendana. Niliporudi nyumbani niliziondoa karibu zote, na nikaanza kuuliza katika kila sura: huyu anamshikilia mwenzake nini, na mkono wake unachoka wapi? Ndiyo riwaya yangu iliyosomwa zaidi. Tangu hapo tumewekeana sharti nyumbani, na mke wangu ndiye aliyelipendekeza: safarini daftari halitoki begini kabla ya watoto kulala. Nilidhani nitapoteza mengi. Kwa kweli ninachokisahau kabla ya saa tatu usiku mara nyingi hakikustahili kuandikwa.

Wino Mzito

Nimesoma habari za koti mara mbili, kaka, na imenisukuma kusema jambo ambalo sijawahi kulisema kwa waandishi wenzangu.

Katika riwaya yangu ya pili kulikuwa na sura ambayo mume anamwomba mkewe msamaha. Niliiandika kwa siku moja, haikunisumbua hata kidogo, na nilijivunia jinsi mazungumzo yake yalivyotoka yakiwa hai. Mume wangu ndiye msomaji wangu wa kwanza siku zote. Aliposoma sura ile alinyamaza, akaviweka vizuri vile vikaratasi, kisha akaniambia, "Maneno haya niliyasema kwako wewe." Ilikuwa kweli. Miaka mitano kabla yake tulipitia kipindi kigumu, na alichoniambia usiku mmoja tukiwa njiani, kwenye nyumba ya wageni, watoto wamelala kitanda cha pili na sisi tukinong'ona ili tusiwaamshe, nilikuwa nimekiweka neno kwa neno mdomoni mwa mhusika wangu. Sikukumbuka kwamba nimekitoa huko. Nilidhani nimekitunga.

Hakunikataza. Alisema kwamba kama riwaya inayahitaji, niyaache. Nilikaa na uamuzi huo siku tisa, na nitakiri kwamba katika siku hizo nilitafuta kila sababu ya kuyabakiza, kwa kuwa yalikuwa mazuri kuliko chochote nilichowahi kubuni. Mwishowe niliyatoa. Sura iliyochukua nafasi yake niliiandika mara kumi na moja, na bado haiifikii ile ya kwanza. Wasomaji hawajui. Mimi najua, na siijutii, kwa sababu mtu aliyeninong'onezea gizani hakuwa akimwambia msomaji.

Sasa utaratibu wangu ni kuuliza kabla. Tukirudi safarini ninamwambia mume wangu, na watoto wakubwa pia, "Hili nimelipenda, je, naweza kulitumia?" Mara nyingi wanakubali. Binti yangu amekataa mara moja, nami sikumuuliza sababu.

Baba Watatu

Umenigusa, dada yangu. Naomba nikuulize: wale wazee wa kwenye treni sikuwauliza, na hata ningetaka leo sina pa kuwapata. Je, nimewaibia?

Wino Mzito

Sidhani. Walikuwa mahali pa watu wote na wewe ulikuwa mmoja wa watu hao. Tofauti ninayoiona ni kwamba wao hawakukukabidhi siri yoyote. Mume wangu alinikabidhi. Hata hivyo, kama ningekuwa wewe ningebadilisha koti na treni, ili siku mmoja wa watoto wao akisoma asiwaone wazazi wake.

Baba Watatu

Treni niliibadilisha kuwa meli. Koti nililiacha.

Msubiri

Mwanzisha mada ameuliza kuhusu hatua, na mimi nina moja ambayo kwa mtazamaji ingeonekana kama kushindwa.

Riwaya yangu ya kwanza ilikataliwa na wachapishaji sita kwa muda wa miaka minne. Watano hawakutoa sababu. Wa sita aliniandikia aya moja, nami ninaihifadhi hadi leo. Alisema kwamba wapenzi wangu wanatenganishwa na jambo ambalo lingekwisha kama wangeketi na kuzungumza kwa dakika tano katika sura ya pili, na kwamba msomaji anaona hivyo na anachoka kuwasubiri. Nililia, kisha nikakasirika, kisha baada ya wiki kadhaa nikaisoma tena riwaya nzima kwa jicho lake na kuona kwamba yuko sahihi kabisa. Nilikuwa nimetegemea barua iliyopotea na jamaa mwenye fitina. Hakuna hata mmoja kati ya wapenzi wangu aliyekuwa na sababu yake mwenyewe ya kuogopa kupendwa.

Wanaoanza wasilipite hili haraka. Riwaya ya mapenzi ina masharti mawili ambayo waandishi wengi wa fani hii wanakubaliana nayo: mapenzi yenyewe yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Kwa hiyo msomaji anapofungua ukurasa wa kwanza anajua tayari kwamba watapatana. Kinachomfanya aendelee ni kutaka kuona watapatanaje, na kwa gharama gani ndani ya nafsi zao. Kikwazo kikiwa nje tu, ukikiondoa hakuna kilichobadilika kwa wahusika. Nilimwandika upya yule mwanamke akiwa mtu aliyemlea baba yake mgonjwa tangu akiwa na miaka kumi na saba, ambaye hajui jinsi ya kuhudumiwa na mtu mwingine bila kuona aibu. Barua iliyopotea sikuihitaji tena.

Iliyoandikwa upya ilikubaliwa. Siku mkataba ulipofika tulikuwa safarini kuwatembelea wazazi, na niliusoma kwenye simu nikiwa nimesimama kando ya barabara, mtoto mgongoni, huku mume wangu akibadilisha gurudumu. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kumshikia tochi. Naikumbuka siku hiyo kwa furaha, lakini nikiulizwa ni siku gani nilipokuwa mwandishi, nitataja ile ya aya moja.

Na kwa yeyote anayesubiri jibu sasa: mwaka 1797 baba yake Jane Austen, yule mwandishi Mwingereza wa riwaya, alimwandikia mchapishaji mmoja wa London akimwelezea mswada wa binti yake, na ombi hilo likakataliwa bila mswada wenyewe kuonwa. Inaaminika kwamba mswada huo ndio uliokuja kuwa Pride and Prejudice, riwaya iliyotoka mwaka 1813, na ambayo inasomwa hadi leo. Katikati ya miaka hiyo Austen aliuandika upya. Mimi sihesabu miaka hiyo kuwa ya kusubiri tu.

Mtunza Mama

Mimi sisafiri. Ninamtunza mama yangu ambaye hawezi kukaa peke yake, na mikono yangu mara nyingi ina kazi nyingine, kwa hiyo riwaya zangu ninazisema kwa mdomo na simu inarekodi. Barbara Cartland, mwandishi Mwingereza wa riwaya za mapenzi, alitunga kwa njia kama hiyo, yeye akisema na katibu akiandika, na aliacha zaidi ya vitabu 700. Kwangu njia hii ina faida moja ambayo sikuitarajia: mazungumzo ya uongo yanasikika papo hapo. Sentensi ambayo kinywa kinakataa kuitamka, mhusika naye hataitamka.

Mama husikiliza akiwa kitandani. Hasemi sana. Siku moja, nikiwa katikati ya sura ambayo nilidhani ndiyo nzuri kuliko zote, aliniambia, "Huyo kijana hampendi. Anapenda kupendwa." Nilizima simu, nikaanza sura ile upya. Riwaya hiyo itatoka mwaka huu, na nimeitabaruku kwake. Ombi lake ni moja tu, kwamba ukurasa huo wa tabaruku uchapwe kwa herufi kubwa ili ausome mwenyewe bila miwani. Nimemwandikia mhariri, na amekubali.

Kalamu ya Alfajiri (mwanzisha mada)

Nimesoma yote na ninawashukuru kila mmoja. Mtunza Mama, tafadhali mpe mama yetu salamu zangu.

Wino Mzito, wewe umenifanya nisilale. Katika rasimu niliyomaliza kuna sura ya kumi na tatu, ambayo mume na mke wanasimama ufukweni usiku baada ya kupata habari mbaya kutoka hospitali, na mume anaanza kuhesabu mawimbi kwa sauti ili mkewe apate kitu cha kusikiliza. Hilo lilitokea. Ilikuwa safari yetu ya mwaka ule, watoto wakiwa na bibi yao chumbani, na aliyehesabu ni mume wangu. Alifika mia mbili na kumi na nne. Katika rasimu nimeandika mia tatu, nikadhani kwamba kubadilisha namba kunatosha.

Mswada nilipaswa kuutuma leo. Nimemwomba mhariri siku tatu zaidi, na usiku huu, baada ya watoto kulala, nimemkabidhi mume wangu sura hiyo na kumweleza ni kwa nini. Ameuliza kama anaweza kuisoma peke yake. Yuko chumba cha pili, taa inawaka, na tangu nianze kuandika haya bado hajatoka.