Naomba ushauri: unga mweupe kwenye vinyago vya askari vya madini ya risasi, vita vya Wazulu

Wakuu, nina seti ya vinyago vya askari wa Vita vya Waingereza na Wazulu, 1879, vya milimita 54, vya risasi. Unga mweupe umeanza miguuni, pale rangi ilipobanduka. Kabati ni la mwaloni, na mbao hiyo hutoa mvuke wa asidi unaoila risasi, kwa hiyo vinahamia kwenye chuma na kioo. Unga ni sumu: glavu na barakoa lazima.

Nikishausafisha kwa brashi laini, nipake vanishi isiyong'aa palipo wazi tu, au kinyago kizima? Nahofia kofia. Zina rangi ya chai, kama wanajeshi wa Uingereza walivyozitia kofia zao nyeupe vitani, na vanishi ikiikoleza, uhalisia umekwisha. Juu ya rangi kuukuu ya mafuta, ipi haigeuki manjano?