Mrejesho: Sketi nyeusi na mashati meupe ya ofisini

Jamani, niliwauliza nifanyeje ili sketi zangu nyeusi na mashati meupe visionekane sare ya shule, na mshahara mnaujua. Wengi mlisema skafu na mkanda.

Skafu ndiyo imenibeba. Fundi alichukua kipande cha kitenge kilichobaki, akakipinda pembeni. Naifunga shingoni, fundo likae upande, siku nyingine naizungushia mpini wa pochi. Mkanda wa ngozi nimeupata mtumba soko la Karume, kahawia ileile ya viatu. Dada uliyesisitiza rangi zifanane, ahsante, tofauti inaonekana kabisa.

Bangili pana ya shanga za Kimasai ni nzuri, ila inagonga meza ninapochapa, nikaiacha ya Jumapili. Hereni za bei chee zenye rangi ya dhahabu msinishauri tena! Rangi ikitoka, shaba ya chini inakutana na jasho, sikio linakuwa kijani. Sasa navaa ndogo za stili.

Bosi kaniuliza kama nimebadilisha fundi, nikacheka tu. Kilichobaki ni viatu: nani anamjua fundi mzuri wa kubadilisha soli maeneo ya Ilala?