Mwalimu wa tuisheni kamkosesha mwanangu jibu sahihi la kemia, kisha ananiambia "wakariri tu mishale"

Wakuu, salaam. Nina hasira, na nimesubiri siku mbili zipungue, hazijapungua.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Tangu Januari nalipa elfu thelathini kila mwezi kwenye kituo kimoja cha tuisheni huku Tabata, jina nalihifadhi. Akitoka shule anapitiliza huko huko, nyumbani anafika saa mbili usiku. Juzi kaingia amenuna, kaweka karatasi ya jaribio mezani, chakula hakugusa.

Swali la nne: panga klorini, magnesi, sodiamu na salfa kuanzia yenye atomu kubwa hadi ndogo. Mtoto kaandika sodiamu, magnesi, salfa, klorini. Kapigwa kosa kwa biki nyekundu, limechimba mpaka upande wa pili wa karatasi unaliona. Pembeni mwalimu kaandika: "Elektroni zikiongezeka atomu inanenepa. Soma notisi!" Sifuri kati ya nne.

Jamani, mtoto yuko sahihi!

Nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) miaka hiyo, leo niko dukani, lakini hili halijanitoka. Sodiamu ina protoni 11, klorini 17. Elektroni zote zinazoongezeka kutoka sodiamu hadi klorini zinaingia ganda lile lile la tatu, yaani tabaka lile lile la elektroni kuzunguka kiini, ganda jipya halipo. Kiini kinazidi kuwa na chaji, na elektroni za ganda moja hazikingiani vya kutosha dhidi ya mvuto wake. Kwa hiyo zote zinavutwa ndani na atomu inasinyaa. Nusukipenyo cha sodiamu ni pikomita 186, cha klorini 99. Ni karibu nusu! Atomu inanenepa ukishuka kwenye kundi, yaani safu ya wima ya jedwali la elementi, kwa sababu kila ukishuka hatua moja unaongeza ganda: lithiamu 152, sodiamu 186, potasiamu 227.

Nikampigia simu mwalimu mwenyewe, kwa adabu kabisa. Jibu lake: "Mama, nina watoto tisini darasani, unataka nianze kuwaeleza habari za kiini? Wakariri tu mishale, watafaulu." Mishale anayosema ni ile wanayochora pembeni ya jedwali la elementi, mmoja unaelekea kulia, mwingine unashuka chini. Na mshale wa ukubwa wa atomu kauchora kinyume! Watoto tisini wamekariri mshale uliogeuzwa, na hakuna hata mmoja mwenye silaha ya kumbishia, maana sababu hawakupewa. Wangu alibisha kwa kuwa tuliwahi kukaa jikoni nikamchorea maganda. Malipo yake ndiyo hiyo sifuri.

Siyo hilo tu. Kijana wa jirani yuko kidato cha tano, anasoma hapo hapo. Pamfleti yao inasema nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza "inapanda moja kwa moja" kutoka kushoto kwenda kulia. Mwelekeo wa jumla ndio huo, sikatai. Lakini magnesi ni kilojuli 738 kwa moli na alumini, inayofuata, ni 578. Imeshuka, kwa sababu elektroni ya nje ya alumini imekaa kwenye obiti ya 3p, sehemu ya ganda hilo la tatu iliyo juu kidogo kinishati kuliko sehemu ya 3s zilipo elektroni za nje za magnesi, hivyo kuing'oa ni rahisi. Fosforasi ni 1012, salfa 1000, imeshuka tena. Hayo ndiyo maswali yenyewe ya kidato cha tano na sita! Kijana akiulizwa aeleze mshuko huo atajibu nini, kwamba pamfleti ilisema inapanda?

Mwaka 1871 Mendeleev, mkemia Mrusi aliyepanga jedwali la elementi, aliangalia mwelekeo wa sifa kwenye jedwali lake akaona pengo chini ya alumini, akaeleza elementi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiona itakuwaje. Miaka minne baadaye galiamu ikapatikana Ufaransa, ikakaa kwenye pengo hilo. Mshale uliokaririwa usingemfikisha huko.

Mimi nilifundishwa na mwalimu mmoja wa serikali, mshahara wake sote tulijua ni mdogo. Alituita tuzunguke beseni la maji. Akatupia kipande cha sodiamu kidogo kama punje ya mchele, kikakimbia juu ya maji kikichirizika. Akatupia potasiamu, ikawaka yenyewe, moto wa zambarau. Tukarudi nyuma kwa kelele. Akauliza, "Kwa nini hii ina hasira kuliko ile?" Akanyamaza mpaka mmoja wetu akasema elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini. Kung'oa elektroni ya nje ya sodiamu ni kilojuli 496 kwa moli, ya potasiamu 419 tu. Sikukariri popote, niliona kwa macho yangu.

Jumamosi naenda pale na karatasi mkononi. Nataka swali la nne lisahihishwe upya kwa watoto wote tisini, na huo mshale ufutwe ubaoni mbele yao, mwalimu aseme alikosea. Wakikataa namtoa mtoto.

Mwenye mtoto kidato cha pili anayesoma tuisheni maeneo ya Tabata, mfungulie daftari la kemia leo usiku. Tafuta mshale wa ukubwa wa atomu. Ukikuta unasema inaongezeka kuelekea kulia, njoo hapa useme, Jumamosi twende pamoja.