India wanakwenda mwezini na bado wanaanzia hekaluni, imekaaje hii?

Mdadisi wa Anga

Habari zenu wakuu. Kuna swali linanisumbua muda sasa, naomba wenye uelewa mnisaidie, na tujadili kwa heshima maana linagusa imani za watu.

India dini iko kila kona. Sensa yao ya 2011 Wahindu walikuwa karibu asilimia 80, Waislamu asilimia 14 hivi, bado hujagusa Wakristo, Makalasinga, Wajaini na Wabudha, na kwa wengi wao ibada sio ya siku moja kwa wiki, ni toka wanaamka mpaka wanalala. Nchi hiyo hiyo tarehe 23 Agosti 2023 ikashusha chombo chake, Chandrayaan-3, karibu na ncha ya kusini ya mwezi, sehemu ambayo hakuna taifa lilikuwa limewahi kutua, tena siku chache tu baada ya chombo cha Urusi kuanguka kikiwa kinaelekea huko huko. Alafu siku moja kabla ya kurusha roketi, mwezi wa saba, watu wa ISRO, shirika lao la anga, walibeba mfano mdogo wa chombo wakaupeleka hekalu la Tirupati kuombewa.

Tumezoea kusikia kwamba sayansi ikipanda dini inashuka, mfano unaotolewa siku zote ni Ulaya. Kwa hawa naona vyote vinapanda kwa pamoja. Sasa hii imani inawasaidia, inawachelewesha, au haihusiani kabisa?

Kijiti

Haihusiani mkuu. Abiria wote wanaweza kuomba kabla ndege haijaruka lakini rubani lazima ajue kazi yake. Mimi naona wangeachana na hayo mambo ya hekaluni wangekuwa mbali zaidi ya hapo walipo, muda na akili inayokwenda kwenye matambiko ingekwenda maabara.

Fundi Mitambo

Kijiti ndugu yangu, mwanzo nipo na wewe, mwisho hapana. Hebu rudi 2019, Chandrayaan-2, jaribio lao la kutua mwezini kabla ya hili. Mwenyekiti wa ISRO wakati ule, K. Sivan, alikwenda hekaluni kama kawaida yao, roketi ikaruka vizuri, chombo kikazunguka mwezi vizuri, siku ya kutua kimebakiza kilomita mbili na kidogo mawasiliano yakakatika kikajibamiza. Yule mzee alilia mbele ya waziri mkuu, dunia nzima ikaona.

Cha kuangalia ni walichofanya baada ya pale. Hawakufunga faili wakasema ni mapenzi ya Mungu. Walikaa na data, wakakuta injini zilisukuma kwa nguvu kuliko walivyotegemea, kosa dogo likawa linajumlishwa kwenye kosa dogo, chombo kikatakiwa kijirekebishe kwa kugeuka haraka na programu ilikuwa imewekewa kikomo cha kugeuka, alafu juu ya yote hayo eneo la kutua walilichagua dogo, mita 500 kwa mita 500, kwa hiyo chombo kinahangaika kulifikia lile eneo huku muda huo huo kinatakiwa kipunguze mwendo. Kwenye Chandrayaan-3 wakapanua eneo likawa kilomita 4 kwa 2.4, miguu wakaiimarisha, mafuta wakaongeza, injini za kutua wakazifanya nne badala ya tano, wakaweka na kifaa cha leza cha kupima mwendo. Kila kipande waliuliza hiki kikigoma chombo kitatuaje. Na mradi mzima uligharimu rupia kama bilioni 6.15, ambayo kwa kazi za anga ni hela ndogo sana.

Tirupati walikwenda 2019 na 2023 wakaenda tena. Kilichobadilika hapo katikati ni hesabu na vyuma, na wao wenyewe wanalijua hilo kuliko sisi tunaowaangalia kwa mbali. Ndio maana siwezi kusema dua iliwachelewesha, sioni ni wapi ilikaa kwenye nafasi ya hesabu.

Mwalimu wa Historia

Mdadisi, swali zuri, ila tusiishie 2023, tuanzie mwanzo kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 60 Vikram Sarabhai, mwanasayansi aliyeanzisha mpango wa anga wa India, alikuwa anatafuta sehemu ya kurushia roketi ndogo za utafiti. Alihitaji sehemu karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, maana juu ya mstari huo kuna mkondo wa umeme angani ambao wanasayansi walitaka kuupima. Mstari huo unapita Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala, na pale pale palikuwa na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena na makazi ya wavuvi waumini. Wakamwendea askofu, Peter Bernard Pereira. Askofu hakuamua peke yake, alilipeleka jambo kwa waumini siku ya Jumapili, na waumini wakakubali kuhama. Kanisa likawa ofisi na karakana, nyumba ya askofu nayo ikageuzwa ofisi, na tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza ikaruka kutoka hapo, roketi ya Kimarekani lakini mikono ya Kihindi ilikuwepo. Lile jengo la kanisa mpaka leo lipo, ni makumbusho ya anga.

Kati ya vijana waliofanya kazi mle ndani alikuwepo A.P.J. Abdul Kalam, Mwislamu kutoka Rameswaram, mji mtakatifu wa Wahindu, na baadae akaja kuwa rais wa nchi 2002 mpaka 2007. Yani Mwislamu yuko ndani ya kanisa anaunga roketi kwenye nchi ya Wahindu wengi, na bosi wake Sarabhai alitoka familia ya Kijaini. Kwa hiyo Kijiti ukisema wangeachana na dini, hapo Thumba bila wale waumini kukubali sijui Sarabhai angepata wapi kiwanja.

Pembeni kidogo: ile picha ya 1981 ya satelaiti ya India iliyoitwa APPLE imewekwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, watu wanaisambaza kuonyesha umaskini. Ule mkokoteni ulichaguliwa makusudi, walikuwa wanapima antena na hawakutaka gari la chuma livuruge mawimbi. Huwa inaniuma ikitumiwa kuwadhalilisha.

Zuhura wa Lab

Mimi nimesoma Bangalore, acha niwaambie nilichokiona kwa macho. Kuna sikukuu inaitwa Ayudha Puja, inaangukia mwezi wa tisa au wa kumi, siku hiyo watu wanaheshimu vifaa vya kazi. Kinyozi na mkasi wake, dereva na basi lake, sisi na mashine za maabara. Fundi wetu wa maabara alikuwa anazima kila kitu toka asubuhi, anatoa vumbi nyuma ya oskiloskopu (mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme) kwa brashi ndogo kama ya kupakia rangi, anakagua nyaya moja moja, iliyochubuka anaitoa anaweka pembeni, anahesabu vifaa vyote na daftari lake. Kikishakuwa kisafi ndio anapaka doa la manjano na unga mwekundu kwenye fremu, kioo hagusi, anavisha shada la maua ya rangi ya machungwa. Nje mabasi ya chuo yanawekewa ndimu chini ya matairi, dereva anasogea mbele taratibu zinapasuka. Jioni tunagawana mchele uliokaangwa ukafura na vitu vitamu, Mkristo, Mwislamu, wote tulikula.

Kaka Kijiti, hiyo ndio ilikuwa siku ambayo vifaa vyetu vinatunzwa kuliko siku zote za mwaka. Hakuna memo ya mkuu wa idara iliyowahi kufanikisha usafi wa namna ile. Mimi nilishiriki kama mgeni tu, sio imani yangu, ila niliheshimu sana.

Mkunga Rehema

Naheshimu mliyosema lakini mnaangalia mwezini, mimi niwarudishe wodini.

Mashine ya ultrasaundi ni sayansi pia. Iliingia India ikasambaa haraka, na ilipofika ikakuta jamii inataka mtoto wa kiume. Kwa Wahindu mtoto wa kiume ndiye kwa kawaida anawasha moto wa kumchoma baba yake siku ya maziko, na upande wa binti ndio unatoa mali kwenye ndoa, ingawa mahari ya aina hiyo imepigwa marufuku toka 1961. Basi watu wakaanza kupima, wakiambiwa ni wa kike mimba inatolewa. Serikali ilitunga sheria 1994 ya kukataza kumwambia mzazi jinsia, kliniki zote zinatakiwa kuweka bango ukutani, na bado hali ikaendelea. Sensa ya 2001 watoto wa chini ya miaka saba walikuwa wasichana 927 kwa wavulana 1,000, ya 2011 wakashuka chini ya 920. Na katika majimbo yaliyoonekana vibaya zaidi kuna Punjab na Haryana, ambayo sio ya maskini, ni watu wenye uwezo wa kulipia kipimo.

Hapo dini na mila havikupigana na teknolojia hata kidogo, vilishikana mikono, na walioumia ni mabinti ambao hawakuzaliwa. Kwa hiyo Mdadisi, ukiuliza kipi kitamla mwenzake mimi naogopa zaidi pale vinapokubaliana.

Zuhura wa Lab

Dada Rehema umesema kweli na inauma. Niongeze upande mmoja tu, ile Chandrayaan-2 waliiongoza wanawake wawili, Muthayya Vanitha mkurugenzi wa mradi na Ritu Karidhal mkurugenzi wa safari, na Chandrayaan-3 naibu mkurugenzi wa mradi alikuwa Kalpana Kalahasti. Hiyo haifuti ulichosema, naitaja kwa sababu wasichana pale chuoni majina hayo waliyajua kama wanavyojua wacheza sinema.

Kijiti

Nimewasoma wote. Mwalimu, la Thumba sikulijua, asante. Lakini bado nina hoja, mnazungumzia dini inayotoa kiwanja na kupamba mashine, hiyo haina ugomvi na mtu. Vipi inayokataa kuulizwa? Dk. Narendra Dabholkar alitumia maisha yake kupambana na waganga wanaowaibia watu maskini, tarehe 20 Agosti 2013 akapigwa risasi Pune akiwa kwenye matembezi ya asubuhi. Ile sheria ya jimbo la Maharashtra dhidi ya uchawi na ulaghai aliyoipigania miaka na miaka ikapita baada ya yeye kufa, Desemba ile ile. Na kwenye vitabu vya 2023 nadharia ya Darwin, ya jinsi viumbe vilivyobadilika toka zamani, iliondolewa kwenye kitabu cha darasa la kumi. Hilo mnalisemaje?

Fundi Mitambo

Hapo sina cha kukupinga Kijiti, na nashukuru umelileta. Cha kusikitisha ni kwamba katiba yao yenyewe, ibara ya 51A, toka marekebisho ya 1976 inamtaka kila raia akuze fikra za kisayansi na moyo wa kuhoji. Nchi chache sana zimeandika kitu kama hicho kwenye katiba. Dabholkar alikuwa anatekeleza wajibu ulioandikwa.

La kitabu, waliosimamia walisema ni kupunguza mzigo kwa wanafunzi na kwamba mada bado ipo darasa la kumi na mbili. Tatizo baada ya darasa la kumi baiolojia anasoma aliyeichagua tu, wengine wote wanaondoka bila kukutana na Darwin darasani. Mtoto akija kuwa injinia wa roketi bila kujua viumbe vimetokeaje roketi yake itaruka, hilo halina shida, ila daktari anayepambana na usugu wa dawa anahitaji jamii inayoelewa kwamba vijidudu vinabadilika. Wanasayansi na walimu zaidi ya 1,800 wa huko huko walisaini barua ya kupinga, Aprili 2023, miezi minne kabla ya chombo kutua mwezini.

Mdadisi wa Anga

Nashukuru sana wote, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Dada Rehema, hiyo hoja yako ya vinapokubaliana sikuwa nimeifikiria kabisa, kama una muda naomba ufungue mada yake pekee, hasa jinsi ile sheria ya 1994 inavyosimamiwa kule kliniki, maana mashine siku hizi zimekuwa ndogo za kubeba mkononi na sijui bango la ukutani linamzuia nani.