Juisi ya birimbi kwa kolesteroli: glasi moja kila asubuhi?

Mkazi_Langoni
Salam aleikum. Mbirimbi wa uani umezaa hadi shinani, mabirimbi yanaoza chini. Mama ana kolesteroli na presha. Majirani wamemwambia asage, akamue, anywe glasi moja kabla hajala kitu, siku saba mfululizo. Itamfaa?

LisheMalindi
Waleikum salam. Asinywe. Habari ya kushusha mafuta imetoka kwenye majaribio ya panya. Birimbi limejaa asidi ya oksaliki, ile ile inayofanya maji yake yang'arishe shaba na kutoa kutu. Ikiingia kwa wingi kwenye damu hushikana na kalsiamu, zikawa fuwele za kuziba vijifereji vya figo. Tumbo tupu huzidisha, maana hamna maziwa wala chakula cha kuikamata kabla haijapenya. Kerala, India, ripoti ya 2013 ilieleza watu 10 waliokunywa juisi hii figo zikagoma. 7 walihitaji kusafishwa damu. Na presha nayo hula figo polepole. Kama ameshaanza, akaona mkojo umepungua au anatapika, apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) siku hiyo hiyo.

Jiko_la_Shela
Mti msiukate lakini! Mchuzi wa samaki wa watu sita, mabirimbi matatu yaliyopasuliwa kwa urefu yanatosha mahali pa ndimu, na ule uchachu unapunguza haja ya chumvi. Yaive kwenye tui jepesi. Tui zito mwisho, moto mdogo, ukikoroga, la sivyo litakatika. Tumia chungu, alumini huliwa na asidi. Achari ni tamu (chumvi, jua siku mbili tatu hadi yanyauke, kijiko kikavu kila ukichota, kuvu huletwa na maji), ila kwa mwenye presha chumvi yake ni nyingi mno.

Mkazi_Langoni
Ahsanteni. Na ubuyu?

LisheMalindi
Huo sawa, lakini unga mweupe, si mabuyu ya rangi yenye sukari. Una nyuzi nyingi zinazoyeyuka, ndizo zinazosaidia upande wa kolesteroli. Aanze na kijiko cha chai kwenye glasi ya maji baridi, baada ya wiki afike kijiko cha chakula. Akizidisha ghafla tumbo litajaa gesi, na asipokunywa maji choo kitakuwa kigumu. Usiuchemshe, moto unaua vitamini C. Vidonge vya daktari aendelee navyo.